Msaga Nafaka na Hesabu za Umeme

Leo tutamtazama mtu aliyejifundisha hesabu ngumu baada ya kazi. Jina lake George Green, wa Sneinton, karibu na Nottingham, Uingereza. Alizaliwa mwaka 1793. Shuleni alikaa kama mwaka mmoja tu, kisha akaingia katika kazi ya baba yake ya kuoka mikate. Baadaye baba akajenga kinu cha upepo, naye Green akawa msaga nafaka.

Mwaka 1828 alitoa kitabu juu ya umeme na sumaku. Walioagiza ni watu 51, kwa shilingi 7 na peni 6. Sidhani kama wengi wao walikifahamu. Ndani yake mlikuwa na kanuni ambayo sisi tunaweza kuielewa kwa mfano.

Fikiri nyumba yenye vyumba vingi. Kila chumba kina karani wake, anayeandika watoka na waingiao. Mtu akitoka chumba cha kwanza kuingia cha pili, karani mmoja ataandika "ametoka," mwenziwe ataandika "ameingia." Ukijumlisha, hizo mbili zinafutana. Basi hesabu za milango ya ndani zote hufutana. Zinabaki za milango ya nje peke yake.

Sasa badala ya watu tia maji, ambayo hayashindiliki, na vyumba uvifanye vidogo mno. Chumba chenye chemchemi hutoa maji kuliko yanayoingia. Chenye tundu la kunyonya hutoa machache. Jumlisha chemchemi zote, ondoa matundu: utapata kiasi kile kile cha maji kinachovuka kuta za nje. Na umeme ni hivyo hivyo. Ukipima nguvu zake pande zote za uso unaozunguka kitu, unajua umeme uliomo ndani bila kukipasua.

Kanuni hii haikuwa ya Green peke yake. Gauss wa Ujerumani aliandika sehemu yake mwaka 1813, na Mikhail Ostrogradsky, mzaliwa wa Ukraine, alileta uthibitisho wake Paris mwaka 1826.

Green aliingia chuo cha Cambridge mwaka 1833, mtu wa miaka 40, akafa mwaka 1841. Miaka minne baadaye kijana William Thomson alikipata kile kitabu, naye ndiye aliyefanya kipigwe chapa tena Ujerumani.

Kabla ya somo lijalo, chora nyumba yenye vyumba vinne, uweke watu wa kutoka na kuingia, kisha ujumlishe mwenyewe.