Askari wa Kauri na Wapagazi wa Rungwe

Mjini Tukuyu kitu kikongwe kikikosa mwenyewe hupewa Mjerumani. Kengele, sarafu, kufuli la shaba, tofali lililoiva vizuri: vyote vyake. Boma lake bado lipo, na jina la Neu-Langenburg aliloupa mji huu bado linasomeka kwenye ramani za zamani, kwa hiyo dai kama hilo haliombi ushahidi. Ikitokea sanamu ndogo ya askari wa kauri, mwenye koti la bluu, mikanda myeupe iliyopishana kifuani na kofia ndefu ya manyoya, hadithi yake iko tayari: iliachwa na ofisa aliyewakimbia Waingereza mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na ilipokutwa hapakosi rupia zilizofukiwa.

Sina subira na hadithi za rupia. Zimewafanya watu wachimbue misingi ya majengo ya kale sehemu nyingi za nchi hii, na hakuna historia iliyotoka kwenye mashimo hayo.

Tuitazame sanamu yenyewe. Koti la bluu na kofia ya manyoya ni vazi la walinzi wa Napoleon, yaani Wafaransa wa mwanzo wa karne ya 19. Viwanda vya Saxony na Thuringia vilifinyanga askari hao kwa wingi muda mrefu baada ya Napoleon kufa, wawe mapambo ya makabati. Igeuze uangalie chini ya kitako. Panga mbili za bluu zilizopishana ni alama ya kiwanda cha Meissen, iliyoanza kutumika miaka ya 1720, lakini imeigwa na wengi mno kiasi kwamba peke yake haithibitishi kitu. Kama pameandikwa kwa Kiingereza kwamba imetengenezwa Ujerumani, hapo pana la kushika. Desturi hiyo ilienezwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 kuhusu alama za bidhaa. Sanamu ya namna hiyo ilitengenezwa iuzwe kwa wanaosoma Kiingereza, na inaelekea zaidi ilifika Tukuyu ndani ya sanduku la bwana shauri Mwingereza kuliko begani kwa Mjerumani anayekimbia vita.

Hata hivyo upo uzi wa kweli kati ya kauri ya Saxony na mlima Rungwe, nao haupiti bomani. Kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710 na Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, baada ya Johann Friedrich Böttger kuipata siri iliyokuwa ya Wachina kwa karne nyingi: udongo mweupe wa kaolini, ule ule tulio nao katika vilima vya Pugu, uliochomwa kwa moto mkali kupita wa tanuri lolote la mfinyanzi wa kawaida. Augustus hakutosheka na vya kwake. Mwaka 1717 alimpa mfalme Friedrich Wilhelm wa Prussia askari 600 wa farasi, bila farasi wala silaha, akapokea vyombo 151 vya kauri ya Kichina. Fanya hesabu: kila chombo, takriban watu wanne. Baadhi ya vyombo hivyo bado vinaonyeshwa mjini Dresden. Waandishi wengi wa Ulaya hukisimulia kisa hiki kama kichekesho cha wafalme. Mimi nakiona kama ukurasa wa kwanza wa habari yetu, kwa sababu hapo ndipo mtu alipopimwa kwa chombo.

Miaka mitano baadaye, katika nchi ya Augustus huyo huyo, wakimbizi wa dini kutoka Moravia walianza kujenga kijiji cha Herrnhut kwenye ardhi ya bwana Zinzendorf. Kutoka kanisa la Herrnhut ndipo walipotumwa Theodor Meyer na Theophil Richard, waliofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891. Njia yao ilikuwa Mto Zambezi, kisha Shire, ambako maporomoko yaliwalazimisha kushusha kila kitu na kutembea, kisha Ziwa Nyasa hadi kaskazini. Toka ziwani hapakuwa na gari wala reli. Kila kikombe, kila kioo cha dirisha na kila msumari uliofika Rungwe ulipanda mlima kichwani mwa mtu. Huyo ndiye ninayemtafuta mimi, na huyo hakufinyangwa na kiwanda chochote.

Askari aliyejulikana huku naye hakufanana na yule wa kabatini. Mwaka 1893 ofisa Mjerumani Hermann von Wissmann alileta meli ya chuma Ziwa Nyasa, ikapewa jina lake, na kituo cha Langenburg kikawekwa ufukweni. Baadaye utawala ukapanda Tukuyu. Jeshi la Wajerumani lilikuwa la Waafrika chini ya maofisa wachache Wazungu: Wasudani walioandikishwa Misri mwaka 1889, watu wa kusini mwa Msumbiji walioitwa Wazulu, na baadaye Wamanyema, Wanyamwezi na Wasukuma. Machifu wa Wanyakyusa waliopigana na jeshi hilo karibu na Rungwe mwaka 1897, wakashindwa, walipigwa na watu wa namna hiyo, waliovaa kaki.

Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey wa Uingereza yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaichukua Neu-Langenburg. Wamisionari Wajerumani wakakamatwa. Vita vikaendelea hadi Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Katika miaka hiyo wote walitaka vichwa vya kubebea. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko kwa risasi. Wajerumani, kwa sehemu kubwa ya vita, hawakuwaandika wa kwao hata majina.

Ajabu ni kwamba kumbukumbu ya udongo ya vita hivi ipo, lakini iko Hamburg. Walter von Ruckteschell, msanii aliyekuwa ofisa wa Lettow-Vorbeck, alitengeneza picha kubwa za udongo wa kuchoma zikawekwa mwaka 1939, enzi ya Hitler, katika kambi ya jeshi ya Jenfeld: askari wakimfuata ofisa Mzungu, na wapagazi na mizigo yao. Mwaka 2003 zilikusanywa katika bustani iliyoitwa Tansania-Park, na mabishano yakawaka. Wapo waliotaka zivunjwe, nami nawaelewa, maana zilifinyangwa kuhubiri kwamba Mwafrika alimpenda bwana wake. Wapo waliotaka zibaki na maelezo pembeni. Hao ndio ninaowaunga mkono, kwa sharti kwamba maelezo yaanze na mpagazi. Wanaozisifu kama ushahidi wa utiifu wa askari siwapi nafasi. Askari alipigania mshahara, na mshahara ulipokatika wengi walitoroka.

Deni la mshahara huo halikusahauliwa. Mwaka 1964, Lettow-Vorbeck alipofariki, Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari waliobaki hai. Husimuliwa kwamba Mwanza wazee wasio na cheti walipewa fagio, wakaamriwa kwa Kijerumani waishike kama bunduki, na hakuna aliyekosea. Kisa hicho kimerudiwa katika vitabu vingi. Aliyebeba mzigo hakuwa na amri ya kukariri. Kazi yake haikuwa na cheti, na malipo hayo hayakuwa yake.

Wanaotaka kuchimba historia ya Rungwe waache misingi ya boma. Hifadhi ya nyaraka ya Wamoravian iko Herrnhut, na ndani yake zimo taarifa za misheni zilizoandikwa huku tangu 1891, nyingi kwa Kijerumani cha mwandiko wa zamani. Kanisa lililozaliwa Rungwe bado lina uhusiano na Herrnhut. Vijana wawili watatu wa Tukuyu wafundishwe kusoma mwandiko ule, waanze na mizigo: ilitoka wapi, ilipokelewa lini, nani aliibeba.