Magodoro ya Nyasi Yaliyozaa Tajiri: Historia ya Stanley, Hoteli ya Wapendanao Katikati ya Nairobi

Mahindi yakishauzwa na deni la mbolea likalipwa, wako wanandoa wa Kwanza, Endebess na Kimilili wanaowaachia nyanya watoto na kushuka Nairobi kwa siku mbili tatu, wao wawili tu. Ni takriban kilomita 380 kutoka Kitale. Wanaokwenda wanataka hoteli iliyo katikati ya jiji, ambapo wataweza kutoka jioni kwa miguu, kula, kutazama taa na kurudi chumbani bila kutafuta teksi.

Hoteli za aina hiyo zinazidi kupungua. InterContinental ilifunga milango mwaka 2020 janga la korona lilipokausha biashara ya utalii. Hilton, ambayo mnara wake wa duara ulikuwa alama ya jiji tangu 1969, ikafunga tarehe 31 Desemba 2022. Watalii wengi siku hizi hulala Westlands, Upper Hill na maeneo mengine ya pembeni. Kwenye kona ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue, hata hivyo, bado imesimama hoteli yenye historia ndefu kuliko zote jijini: Stanley, ambayo leo inaitwa Sarova Stanley.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za hoteli yenyewe, mambo yalianza mwaka 1902 na mwanamke mmoja, Mayence Bent. Nairobi ilikuwa bado kambi ya reli, yenye mabati, matope na mahema, na reli ilikuwa imefika hapo mwaka 1899 tu. Bibi Bent alifungua nyumba ya wageni Victoria Street, barabara tunayoiita Tom Mboya Street, akaipa jina la mvumbuzi Henry Morton Stanley. Mwaka 1905 moto uliteketeza sehemu kubwa ya barabara hiyo pamoja na hoteli yake. Hakukata tamaa. Alihamia katika jengo ambalo ujenzi wake ulikuwa haujakamilika, Government Road, Moi Avenue ya leo, akaendelea kupokea wageni.

Kabla ya moto huo kulitokea kisa ambacho kila anayeandika juu ya Stanley hukirudia, na kinastahili kurudiwa.

Mwaka 1903 kijana mmoja Myahudi, mzaliwa wa Lithuania, aliwasili akitokea Afrika Kusini. Jina lake lilikuwa Abraham Block, na mfuko wake ulikuwa karibu mtupu. Alikuwa amevutwa na habari zilizoenea mwaka ule kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki. Msomaji wa Trans Nzoia anaijua vizuri ardhi yenyewe, kwa kuwa ni uwanda wa Uasin Gishu, jirani zetu wa Eldoret. Pendekezo hilo lilijadiliwa katika kongamano la Wazayoni mjini Basel, Uswisi, tume ikatumwa kuukagua uwanda, na mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Wenyeji waliokuwa wakichunga ng'ombe wao pale hawakuulizwa chochote. Block alikuwa ameshafika, na ilimbidi atafute riziki.

Simulizi ya familia yake yasema alipata habari kwamba Bibi Bent alihitaji magodoro. Wageni walikuwa wakiongezeka kila treni ilipofika, na bidhaa kutoka ng'ambo zilichukua miezi kufika. Block alikuwa ameona magodoro yakishonwa huko kwao, akasema kazi hiyo anaiweza. Alinunua kitambaa kigumu katika maduka ya Wahindi na kukusanya nyasi kavu za kujazia. Kilichokosekana ni sindano, maana ya kushonea nguo haiwezi kupenya godoro. Basi akachukua spoki ya baiskeli, akaichonga ncha, akatoboa tundu la uzi, na kwa hiyo akashona magodoro ya Stanley.

Ukiyawazia kwa karibu, unaziona nyasi zikichoma kupitia kitambaa, unasikia mchakacho wake kila mtu anapojigeuza, na harufu ya malisho imejaa chumbani. Ndivyo walivyolala wageni wa kwanza wa hoteli ambayo leo wanandoa huichagua kwa ajili ya vitanda vyake.

Block hakubaki mshona magodoro. Alilima, akauza, akanunua, na mwaka 1927 akaichukua Norfolk, hoteli iliyokuwa imefunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Mwaka 1947 alikamilisha mzunguko kwa kuinunua Stanley yenyewe. Nyumba aliyoishonea magodoro kwa spoki ikawa mali yake, na jina la Block likawa kubwa kuliko mengine yote katika biashara ya hoteli nchini kwa zaidi ya miongo mitatu.

Stanley aliyoinunua haikuwa ile ya Government Road. Bibi Bent alikuwa ameolewa na Fred Tate, na wawili hao wakanunua viwanja Hardinge Street, ambayo sasa ni Kimathi Street. Hapo pakazuka tatizo la jina. Nyumba ya zamani ilikuwa imechukuliwa na mfanyabiashara Dan Noble, naye akabaki na jina la Stanley. Tate na mkewe walipofungua jengo lao mwaka 1913 ilibidi waliite New Stanley, na jina hilo likadumu kwa miaka mingi. Hoteli hii basi ilijengwa upya na wanandoa waliofanya kazi bega kwa bega, jambo ambalo wachache wanaopanga vyumba hapo wanalijua.

Haifai kuficha upande wa pili. Enzi za ukoloni Mwafrika aliingia humo kubeba mizigo, kupika na kutandika vitanda, si kulala juu yake. Ernest Hemingway alipofika kwa safari yake ya uwindaji mwanzoni mwa miaka ya 1930, alihudumiwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hata biashara ya hisa, kabla ya soko rasmi kuundwa mwaka 1954, ilifanyika kwa makubaliano ya mdomo wazungu wakinywa kahawa humo, na Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hadi baada ya uhuru. Mume na mke wa Bungoma wanaosaini kitabu cha wageni leo wanafanya jambo ambalo wazee wao walinyimwa, nao wana haki ya kujivunia.

Norfolk ina makovu mazito zaidi. Mnamo 16 Machi 1922 umati uliokusanyika katika kituo cha polisi kilichokuwa jirani yake, ukidai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe, ulimiminiwa risasi. Watu 21 walifariki kwa hesabu ya serikali, na wengi husema walikuwa zaidi. Muthoni wa Nyanjiru, mwanamke aliyewapa wanaume changamoto, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Inadaiwa pia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walifyatua. Usiku wa 31 Desemba 1980 bomu lililipuka katika hoteli hiyohiyo na kuua watu waliokuwa wakisherehekea mwaka mpya. Ilijengwa upya, na bustani yake bado inawavutia wapendanao, ingawa iko upande wa Chuo Kikuu, mbali kidogo na kitovu cha jiji.

Kwa Stanley, kilichoifanya mahali pa kukutana ni mti. Mwaka 1959 ulifunguliwa mkahawa wa Thorn Tree, wenye meza kando ya barabara na mgunga katikati yake. Wasafiri waliovuka Afrika kwa magari na kwa lifti waliubandikia shina lake vipande vya karatasi: nimefika, nimeondoka, nitakungoja Jumanne. Simu ya mkononi ilikuwa haijazaliwa, na wachumba waliopotezana njiani walitafutana hapo. Mgunga umebadilishwa ulipozeeka, na wa sasa, wa tatu, ulipandwa 1998. Kampuni ya vitabu vya safari ya Lonely Planet iliupenda mti huo kiasi cha kuliita jukwaa lake la intaneti kwa jina la Thorn Tree mwaka 1996.

Kundi la Sarova lilichukua hoteli mwaka 1978, likaifanyia ukarabati mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo ina zaidi ya vyumba 200. Anayepanga kwenda aombe chumba cha juu kisichotazama Kimathi Street ikiwa anapenda usingizi, maana gari na pikipiki hazinyamazi mapema. Apange jioni moja ya kutembea: sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa 2007 iko mwisho wa barabara hiyo, Jengo la Kumbukumbu za Taifa liko Moi Avenue, Msikiti wa Jamia na Soko la City Market ni hatua chache upande wa pili.

Kitu kimoja kinamuuma mtu wa kaunti yetu. Stanley inajua historia yake kwa sababu kuna walioiandika. Kitale ilifikiwa na reli mwaka 1926, ikapata vilabu, nyumba za wageni na majengo ya walowezi, na katika mji huohuo Luteni Kanali Hugh Stoneham alikusanya vipepeo, ndege na vitabu ambavyo, baada ya kifo chake mwaka 1966, vilikuwa msingi wa Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Vipepeo walihifadhiwa vizuri. Vitabu vya wageni, picha za wapishi na wahudumu, na ramani za hoteli za kwanza za Kitale na Bungoma havikupata kabati.

Bado hatujachelewa. Wapishi waliostaafu wako vijijini, watoto wao wanazo picha kwenye masanduku, na Makumbusho ya Kitale yana wataalamu. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zikitenga bajeti ndogo ya kurekodi sauti zao mwaka huu, wanandoa watakaokuja kulala Kitale kabla ya kupanda Mlima Elgon watakuta hadithi ya chumba wanachokodi imeandikwa, pamoja na jina la aliyekuwa akitandika kitanda chake.