Mahekalu ya jabali yaliyoanzia darini

Pango namba 24 la Ajanta, magharibi mwa India, halikukamilika, na kwa anayetaka kujua mahekalu ya mapangoni ya Wabudha yalivyotengenezwa, hilo ndilo la kutazamwa kwanza. Baadhi ya nguzo zake ni mapande mazito ya mwamba ambayo hayajapewa umbo, na alama za patasi zingali zinaonekana. Kazi ilianza karne ya 5, zama za mfalme Harishena wa ukoo wa Vakataka. Enzi yake ilipokwisha, ufadhili ulikauka na nyundo zikawekwa chini.

Mafundi wa Ajanta walitoka juu kwenda chini. Walitoboa jabali usawa wa dari, wakaichonga dari wakiwa wamesimama juu ya mwamba ambao bado haujakatwa, kisha wakashuka taratibu mpaka sakafuni. Kwa hiyo hawakuhitaji jukwaa la kupandia. Ila kosa halikuwa na dawa. Nguzo ya pangoni hailetwi kutoka kwingine. Ni sehemu ya mlima iliyoachwa, na kilichoizunguka kikatolewa. Ikimeguka, imemeguka.

Ukumbi wa ibada wa Wabudha mkubwa kuliko zote zilizochongwa jabalini nchini India uko Karla, karibu na Lonavala, kati ya Mumbai na Pune. Ulichongwa yapata karne ya 1 BK. Una urefu wa mita 38 hivi na kimo cha mita 14 hivi, na mwishoni limesimama stupa, kuba la jiwe ambalo mahujaji walilizunguka kwa ibada. Juu ya nguzo wamechongwa tembo waliopiga magoti, wamebeba wanaume na wanawake.

Maandishi ya ukutani yanataja waliotoa mali zao: mfanyabiashara Bhutapala wa Vaijayanti, watawa, na watu walioitwa Yavana, jina ambalo Wahindi waliwapa Wagiriki na wageni wengine wa magharibi. Yumo pia seremala, Sami wa Dhenukakata, aliyetengeneza mlango. Fedha nyingi za wakati ule zilitokana na biashara ya bahari. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne hiyohiyo unataja bandari ya Kalyan, isiyo mbali na Karla, na unataja pia Rhapta, katika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Lakini mimi kinachonishika zaidi Karla ni dari. Imepambwa kwa boriti za mtiki zilizopindwa kama upinde, moja baada ya nyingine tangu mlangoni hadi juu ya stupa, na nyingi ni mbao zilezile za kale. Hazibebi kitu. Jabali linajibeba lenyewe, na mafundi walilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Waliziweka kwa sababu jumba la ibada walilolifahamu lilikuwa la miti. Majumba hayo ya awali yameoza na kuliwa na mchwa. Umbo lake tunalijua kutokana na mapango haya. Kule Bhaja, jirani na Karla, ukumbi wa karne ya 2 KK una nguzo za mawe zilizoinama kidogo kwa ndani, jinsi miti inavyoegemezwa ili ihimili uzito wa paa. Karla nguzo zimesimama wima, ila mbao zimebaki darini. Miaka mia kadhaa baadaye, karibu karne ya 7, waliochonga pango namba 10 la Ellora, nako magharibi mwa India, waliacha mbao kabisa, wakazichonga boriti zote kwenye jiwe lenyewe, upinde kwa upinde.

Watu wa Ellora wakaliita pango hilo banda la seremala. Baada ya Wabudha kuondoka, maseremala wa Kihindu walikuwa wakienda kusali humo mbele ya sanamu ya Budha, wakiamini kuwa ni Vishvakarma, mungu wa mafundi.