find (amri ya Unix)

find ni amri ya mifumo ya Unix na jamaa zake, zikiwemo Linux na macOS, inayotafuta faili kwa kupita saraka moja baada ya nyingine kuanzia pale mtumiaji anapoielekeza. Hutafuta kwa jina, ukubwa, mwenye faili, siku ya kubadilishwa na vigezo vingine vingi, kisha huorodhesha ilichokipata au hukikabidhi kwa amri nyingine.

Unix ilizaliwa katika maabara za Bell, Marekani, na find ilikuwamo tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1971. Wakati huo ilikuwa amri fupi tu: unaipa jina au namba ya faili, nayo inakuambia iliko. Katika toleo la 3 iliondolewa. Inayotumika leo inatokana na ile iliyoandikwa upya na Dick Haight kwa ajili ya toleo la 5, mwaka 1974, pamoja na cpio, amri ya kufungasha faili. Zilikusudiwa kufanya kazi pamoja, find ikitaja majina na cpio ikiyapokea. Lugha ya Haight ina utaratibu wake: vigezo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama hoja ya mantiki, na kila faili hupimwa kwa kigezo cha kwanza kabla ya kufika cha pili.

Mwaka huohuo wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo kwenda mrama. Katazo lilipolegezwa na Linux ikaenea, find ilikuwa imekwisha kukomaa.

Kazi yake inaonekana vizuri penye takwimu nyingi. Tangu mwaka 2000, Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikihesabu wavuvi, mitumbwi na nyavu katika mialo ya Ziwa Victoria, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Tuseme kompyuta moja jijini Mwanza inatunza majedwali ya namna hiyo, na mtu anataka yaliyobadilishwa ndani ya siku 7 zilizopita:

find /data/mialo -name '*.csv' -mtime -7

Alama za kunukuu si pambo. Zikikosekana, ganda la amri huweza kuitafsiri nyota lenyewe kabla find haijaiona, na majibu yakatoka pungufu au yasitoke kabisa.

Lililosumbua kwa miaka mingi zaidi ni nafasi ndani ya majina. Faili liitwalo Sangara Ukerewe 2008.csv, likipitishwa kutoka find kwenda xargs, amri inayopokea majina na kuyakabidhi kwa amri nyingine, lilikatwa vipande vitatu. Kama amri iliyopokea ni rm, ya kufuta faili, na kuna faili jingine liitwalo Ukerewe, hilo ndilo lililofutwa, na lililokusudiwa likabaki. Dawa ilikuja katika find ya mradi wa GNU: kigezo cha -print0, kinachotenganisha majina kwa alama tupu isiyoweza kuwamo ndani ya jina lolote la faili. POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix, kilikikubali mwaka 2024 tu, ucheleweshaji usio na utetezi. Njia ya -exec yenye alama ya + mwishoni, inayokusanya majina mengi na kuyakabidhi kwa pamoja badala ya kuanzisha programu upya kwa kila faili, ilikuwa imeingia katika kiwango hicho tangu 2001.

Malalamiko mengine yalikuwa ya kasi. Mwaka 1983 James Woods alichapisha mbinu ya kuweka majina yote katika hifadhidata iliyobanwa, na kutoka hapo ikapatikana locate. Tofauti yake na find ni sawa na ya kusoma daftari la mwalo na kwenda mwenyewe kuhesabu mitumbwi: daftari ni la haraka, lakini halimjui aliyetia nanga asubuhi hii. Ukoo wa locate umeendelea kupitia mlocate hadi plocate ya Steinar Gunderson ya mwaka 2020, iliyo ya kasi zaidi.

Mwaka 2017 David Peter alitoa fd, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Hutafuta kwa nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, na bila kuambiwa huruka faili zilizofichwa na zile ambazo Git imeagizwa kuzipuuza. Kwa waandishi wa programu, hiyo ni nafuu. Kwa mtu anayetafuta faili lililopotea ni mtego, kwani huenda limo humohumo katika zilizorukwa. Tavian Barnes naye ameandika bfs, inayotafuta ngazi kwa ngazi badala ya kuzama kwenye tawi moja hadi mwisho.

Anayeanza ajifunze find kwanza. Vigezo vya -name, -type, -mtime na -exec vimo katika POSIX na vitamfaa kwenye takriban mashine yoyote ya Unix atakayoikuta, iwe mpya au kuukuu. Kigezo cha -delete, ambacho GNU na BSD wanacho, kinataka tahadhari: kikitangulizwa mbele ya -name, hufuta kila kitu kabla jina halijapimwa. Kiweke mwisho daima, na kabla ya kukiandika endesha amri ileile bila hicho, usome orodha yote.