Machweo ya Jinja na Mawe Yaliyozama

Jinja haina msimu maalumu wa machweo. Kwa kuwa mji huu u karibu na ikweta, jua hutua yapata saa moja jioni mwaka mzima. Sisi wa Kimaka, tulio ukingo wa mashariki wa mto Nile, twalitazama likizama ng'ambo, upande wa Buganda.

Mahali pafaapo zaidi kwa kulitazama ni kusini ya Kimaka, pale mto uachanapo na Ziwa Victoria. Tarehe 28 Julai 1862 Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo, akayaona maporomoko, akayaita Ripon kwa heshima ya bwana mmoja wa kwao. Lakini wenyeji walikuwa na jina lao tangu hapo, lenye maana ya mawe, nalo ndilo asili ya jina Jinja.

Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa. Maji yalipanda, mawe yakafunikwa. Tangu hapo, mtazama machweo haoni povu wala hasikii ngurumo. Huona maji mapana yaliyotulia, yenye rangi ya dhahabu.

Wazee walioisikia ngurumo ile wanazidi kupungua. Basi, walimu wenzetu, tuwafundishapo wanafunzi maneno kama machweo, magharibi na kuchwa, tuwatume pia kwa wazee hao wakaulize na kuandika. Mawe hayaonekani tena. Jina lake tungali nalo, na maana yake ni juu yetu kuihifadhi.