Barua, Picha na Masimulizi: Hazina ya Historia ya Kusini

Mwaka 1890, Machemba, kiongozi wa Wayao kusini mwa Tanzania ya leo, alimwandikia Wissmann barua kwa Kiswahili, akikataa kuutii utawala wa Kijerumani. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji (1905–1907). Barua imehifadhi kauli ya kiongozi. Masimulizi, kumbukumbu za wakulima. Picha za wakoloni, aghalabu, zaonyesha sura zisizo na majina. Wa kuzitambua ni wenyeji. Basi wanaisimu tusiridhike na tafsiri. "Maji" yale yalikuwa dawa ya vita. Neno likitenganishwa na simulizi lake, historia hubaki bila sauti.