Maisha ya Mtu Mkubwa kwa Fedha Ndogo: Hadhira za London, Iran na Nairobi

Filamu ya maisha ya mtu wa kihistoria ikitengenezwa kwa fedha kidogo, lawama zake hujulikana hata kabla taa hazijazimwa. Mtazamaji atasema jeshi la mfalme lilikuwa na askari sita, kanzu zimetoka dukani jana, na nyuma ya msafara wa karne ya 19 ulionekana waya wa umeme. Wahakiki nao huandika hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Ukilinganisha jinsi hadhira za mapokeo mbalimbali zinavyopokea maisha ya watu wakubwa yaliyoigizwa kwa vifaa duni, utaona kwamba uduni wa vifaa peke yake haumfukuzi mtazamaji. Kinachomfukuza ni kazi inayojaribu kuuficha uduni huo, na kinachopaswa kumkasirisha ni uongo kuhusu mtu anayesimuliwa. Nitalipima dai hili kwa mifano mitatu: filamu ya Kiingereza kuhusu mchoraji wa Italia, maigizo ya Karbala nchini Iran, na mchezo wa Dedan Kimathi jijini Nairobi.

Derek Jarman alihangaika kwa miaka ipatayo saba akitafuta fedha za filamu yake Caravaggio. Ilipotoka mwaka 1986 ilikuwa imegharimu chini ya pauni 500,000, na haikupigwa Italia. Roma ya mwaka 1600 ilijengwa ndani ya ghala la mashariki mwa London kwa kuta chache, vitambaa, mwanga wa upande mmoja na giza. Anayesubiri kuona makanisa na viwanja vya Roma hatayaona. Atakachokiona ni tajiri wa benki, Giustiniani, akipiga hesabu kwa kikokotoo cha mfukoni, na Baglione, mchoraji aliyekuwa hasimu wa Caravaggio, amekaa ndani ya bafu la maji akiandika kwa taipureta. Pikipiki pia imo.

Vitu hivyo viliwagawa watazamaji. Wako walioona historia imefanyiwa utovu wa adabu. Wako pia walioona kwamba hakuna filamu nyingine iliyoukaribia hivyo mwanga wa picha za Caravaggio mwenyewe, na tamasha la Berlin liliipa filamu hiyo tuzo ya Dubu wa Fedha mwaka huo huo. Mimi nasimama na hao wa pili, kwa sababu inayotoka kwenye maisha ya mchoraji. Katika picha yake ya Yesu akimwita Mtakatifu Mathayo, iliyo katika kanisa la San Luigi dei Francesi, watoza ushuru wamevaa nguo za vijana wa Roma ya siku zake. Watu wa Injili aliwavika mavazi ya jirani zake. Alipochora kifo cha Bikira Maria, akamlaza na miguu mitupu na tumbo lililovimba kama maiti wa kawaida, Wakarmeli wa Santa Maria della Scala waliikataa picha iliyoagizwa kwa ajili ya kanisa lao. Rubens akamshauri Mtawala wa Mantua ainunue, na mwaka 1607, kabla haijaondoka Roma, iliwekwa hadharani ili watu waitazame. Ugomvi wa watazamaji wa 1986 kuhusu taipureta ulikuwa ule ule wa Roma: je, mtu mkubwa wa zamani anaruhusiwa kufanana na sisi?

Tena taipureta ile ina kazi. Baglione alimshtaki Caravaggio kwa kashfa mwaka 1603, na wasifu wa wachoraji alioandika, uliochapishwa mwaka 1642, ulichangia kumchafulia mwenzake jina. Kalamu ya unyoya ingekuwa sahihi kwa kalenda, lakini isingemwambia mtazamaji wa leo chochote. Taipureta inamwambia papo hapo kwamba huyu ndiye atakayeandika, na dunia itamsoma. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji fedha. Unahitaji mwongozaji anayemjua vizuri mtu anayemsimulia.

Filamu hiyo ina kosa halisi, nalo halimo kwenye vifaa. Inajulikana kwamba Caravaggio alimuua Ranuccio Tomassoni mwezi Mei 1606, na chanzo cha ugomvi wao kinabishaniwa mpaka leo. Jarman anakata shauri peke yake: kwake Ranuccio ni kipenzi cha mchoraji, amemuua mwanamke anayeitwa Lena, na Caravaggio analipiza. Kikokotoo kinajitangaza kuwa ni cha uongo, kwa hiyo hakimdanganyi mtu. Sababu ya mauaji haijitangazi. Mtazamaji anaondoka nayo akidhani ni historia. Hapo ndipo hasira ya hadhira ingefaa kuelekezwa, na hapo ndipo ilipoelekezwa kwa nadra.

Tuvuke kwenda Iran. Kila Muharram, Mfunguo Nne wetu, maisha na kifo cha Imamu Hussein huko Karbala mwaka 61 Hijria, yaani 680, huigizwa viwanjani katika maigizo yanayoitwa taaziyeh. Beseni la maji ni mto Furati. Majani makavu yaliyokatwakatwa ni mchanga wa jangwa. Mwigizaji akizunguka jukwaa mara moja, amekwisha kumaliza safari ya siku nyingi. Watu wa Hussein huvaa kijani na kuimba maneno yao, maadui huvaa nyekundu na kusema kwa ukali. Wengi hushika mkononi karatasi yenye maneno yao, na hakuna anayeona haya kuisoma. Yupo hata mwigizaji wa Shimri, muuaji mwenyewe, anayelia wakati wa kuua. Hadhira inajua mwisho wa kisa tangu utotoni, nayo pia inalia.

Peter Brook, mwongozaji wa Kiingereza, aliona taaziyeh kijijini mwaka 1970 na kuguswa sana. Ameeleza pia jinsi maigizo hayo yalivyoletwa baadaye katika tamasha la Shiraz: maleba mapya, mazoezi chini ya mtaalamu, wageni waliovaa vizuri. Fedha ziliongezeka na nguvu ikatoweka, kwa sababu waliokaa pale hawakuwa sehemu ya kisa. Abbas Kiarostami, mwongozaji wa filamu wa Iran, alilielewa jambo hili alipopeleka taaziyeh Roma mwaka 2003. Pembeni ya maigizo aliweka skrini kubwa zilizoonyesha nyuso za Wairani wakitazama taaziyeh nyumbani kwao. Aliona kwamba nusu ya kazi hiyo imo katika macho ya wanaoitazama.

Wasikilizaji wa pwani yetu hawahitaji kufundishwa hilo. Hemed Abdallah el-Buhry alipotunga Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, hakumpa msikilizaji hata beseni. Alimpa sauti, mizani na vina, na Karbala ikaonekana.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka wake, na ni lazima tuuheshimu. Taaziyeh imebebwa na imani na karne za mazoea. Mtazamaji wa London hakuwa na mapatano yoyote na Caravaggio, na mtazamaji wa Kinondoni au Kisumu hana mapatano na shujaa ambaye hajawahi kumsikia. Mwenye filamu ya bajeti ndogo hana budi kuyafunga mapatano hayo mwenyewe, mapema, kwa kuonyesha waziwazi ni kwa lugha gani atasimulia. Jarman alifanya hivyo. Wengi hushindwa kwa sababu wanaanza na vita vya watu sita huku wakiomba tuamini ni elfu sita.

Mfano wa tatu ni wetu. Oktoba 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulionyeshwa katika ukumbi wa taifa jijini Nairobi. Mahakama, seli ya gereza na msitu vilipita katika jukwaa moja kama mwendo mmoja usiokatika. Ngũgĩ ameeleza kwamba watazamaji walijiunga na ngoma ya mwisho, wakatoka nayo hadi barabarani, mkabala na hoteli ya Norfolk, alama ya starehe za walowezi. Watu hao hawakuwa wakitafuta kasoro za maleba. Miaka kumi na tisa tu ilikuwa imepita tangu Kimathi anyongwe Kamiti, tarehe 18 Februari 1957, na swali lao lilikuwa: huyu mtu ni wa nani?

Kwamba swali ni hilo, tunalijua kutokana na mchezo mwingine. Miaka miwili kabla, Kenneth Watene alikuwa ametoa tamthilia ya Dedan Kimathi iliyomwonyesha kiongozi mwenye mashaka na dosari. Uwezo wa jukwaa ulikuwa ule ule, na shujaa ni yule yule. Mjadala uliofuata ulihusu sura ya mtu. Ngũgĩ na Mũgo walifika Karunaini, Nyeri, wakawasikiliza watu waliomfahamu Kimathi, na walisema wazi katika utangulizi kwamba hawakukusudia kuirudia kesi ile ya Nyeri kama ilivyokuwa. Kumbukumbu za mahakama, zilizochapishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur, zinamwonyesha Kimathi akijitetea kwa namna iliyo mbali na shujaa wa jukwaani. Ninaweza kuusoma mchezo na kumbukumbu hizo bila kuona nimedanganywa, kwa kuwa waandishi walitangaza wanachofanya.

Tukiiweka mifano hii pamoja, tunaona hadhira tatu zenye maswali matatu. Ya London inauliza kama ndivyo ilivyokuwa. Ya Iran inauliza kama nayo imo ndani ya kisa. Ya Nairobi inauliza kama shujaa ni wake. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linalojibiwa na farasi wengi. Kosa la uhakiki wetu ni kulitwaa swali la kwanza peke yake, kisha kulipunguza mpaka likawa swali la vifungo vya nguo.

Kwa hiyo nawaomba wanaotaka kuigiza maisha ya Siti binti Saad, Mekatilili wa Menza au Bibi Titi Mohamed kwa fedha walizonazo: fedha hizo kidogo zitumieni kwanza kusoma nyaraka na kuwasikiliza wazee, kisha chagueni vitu vichache mnavyovimudu na mvionyeshe bila aibu. Nasi watazamaji tuache kuhesabu askari. Tuulize nani amesema kwamba mama huyu alisema hivi, na kwa ushahidi gani. Maleba duni yanaweza kusamehewa. Kumzulia marehemu maneno na nia asizokuwa nazo, kisha kuyaita historia, hakusameheki hata bajeti iwe ndogo kiasi gani.